Je, Wajua? Kisarafu cha Agripa na Nauli ya Wafu

Novemba 1990, mafundi waliokuwa wakitengeneza bustani ya mapumziko kusini mwa Yerusalemu, katika eneo liitwalo Msitu wa Amani, walitoboa dari la pango bila kutarajia. Chini yake kulikuwa na kaburi la familia lililochongwa mwambani, na ndani ya kaburi visanduku 12 vya mawe vya kuhifadhia mifupa. Kimoja, kilichonakshiwa maua ya duara kwa ufundi mkubwa, kilikuwa na maandishi yaliyokwaruzwa ubavuni: Yosefu mwana wa Kayafa. Waandishi wa habari wakakimbilia hapo, maana Kayafa ni jina la kuhani mkuu anayetajwa katika Injili kwenye kesi ya Yesu. Wapo wataalamu wanaokubali kwamba kaburi ni la ukoo wake, na wapo wanaopinga.

Kisanduku kingine hakikupigiwa kelele. Kiliandikwa jina la mwanamke, Miriamu binti Simoni. Ndani ya fuvu lake kulikuwa na sarafu moja ya shaba.

Upana wa sarafu za aina hiyo haufiki sentimita 2, na uzito ni gramu 2 na kidogo. Upande mmoja una mwavuli wenye matamvua, alama ya enzi, umezungukwa na herufi za Kigiriki zinazomtaja Mfalme Agripa. Upande wa pili masuke matatu ya nafaka yamechipuka kati ya majani, na pembeni yake kuna tarehe: mwaka wa sita. Agripa huyo ni Herode Agripa wa Kwanza, mjukuu wa Herode Mkuu. Alilelewa Roma pamoja na watoto wa nyumba ya kaisari, akatapanya mali, akazama katika madeni, akatiwa gerezani na Kaisari Tiberio, kisha akatolewa na Kaisari Kaligula na kupewa ufalme mwaka 37 B.K. Mwaka wake wa sita unaangukia kati ya 41 na 42.

Sarafu hii haina uso wa mtu, na hilo si bahati mbaya. Zile ambazo Agripa alizitoa kwa ajili ya miji yenye wakazi wengi wasio Wayahudi zilibeba sura yake au ya kaisari bila aibu. Hii ilikusudiwa kuzunguka Yerusalemu, ambako sanamu ya binadamu ingewaudhi watu. Mfalme alijua wateja wake.

Wanaosomea fedha za kale huiweka katika kundi la sarafu za majimbo ya Roma. Dola ilishikilia dhahabu na sehemu kubwa ya fedha, lakini chenji ya kununulia mkate, mafuta na samaki iliachiwa wenyeji. Zaidi ya miji 500, kutoka Hispania hadi Shamu, ilipiga sarafu zake kwa nyakati tofauti, pamoja na wafalme vibaraka na maliwali wa Kirumi waliotawala majimbo madogo. Kila mji uliweka kilicho chake: mungu wake, hekalu lake, mto wake, na hata majisifu ya kushindana na mji jirani. Upande wa magharibi desturi hiyo ilikwisha katikati ya karne ya kwanza. Mashariki iliendelea hadi miaka ya 270, na Aleksandria ya Misri ikafunga mlango mwishoni mwa karne ya tatu chini ya Kaisari Diocletian. Orodha kuu ya sarafu hizi, iliyoasisiwa na Andrew Burnett, Michel Amandry na Pere Pau Ripollès, ilianza kuchapwa mwaka 1992 na bado haijafika mwisho. Baadhi ya aina zilizomo zinajulikana kwa nakala moja tu iliyosalia duniani.

Ya Agripa si adimu kiasi hicho. Zilitolewa kwa wingi, na zilitengenezwa kwa haraka. Mafundi wa Uyahudi walichimba vidimbwi vya duara kwenye bamba la mwamba laini wa chokaa, wakaviunganisha kwa mifereji, kisha wakamimina shaba iliyoyeyushwa. Ikapoa ikiwa ukanda wa vidonge vilivyoshikana. Vidonge vikapigwa muhuri na kutenganishwa kwa patasi. Ndiyo maana sarafu nyingi za nchi hiyo zina kijimkia ubavuni mahali zilipokatwa, na picha mara nyingi imekaa upande, nusu ya maandishi ikiwa imeangukia nje ya chuma. Hakuna aliyejali. Dinari moja ya fedha ndiyo iliyokuwa ujira wa kibarua kwa siku, na vijishaba hivi vilihitajika makumi kadhaa kuifikia.

Ilifikaje basi ndani ya fuvu la mwanamke?

Jibu linalokuja haraka ni nauli. Wagiriki walisimulia kwamba roho ya marehemu hufika kwenye mto unaotenganisha dunia na kuzimu, na hapo humkuta Charon, mzee mwenye mashua na hasira, asiyevusha mtu bure. Ndugu wa marehemu walimtilia sarafu mdomoni. Katika tamthilia ya *Vyura* ya Aristophanes, iliyochezwa Athens mwaka 405 K.K., nauli imepanda hadi obol mbili, na watazamaji walicheka kwa sababu waliijua bei ya kawaida. Karne ya pili B.K., Apuleius, mwandishi aliyezaliwa Madauros katika Afrika ya Kaskazini, alimfanya binti wa hadithi yake aende kuzimu na sarafu mbili mdomoni, moja ya kwenda na moja ya kurudi, na akaagizwa amwache mwenye mashua aichukue kwa mkono wake mwenyewe.

Kwa nini mdomoni? Watu wengi hudhani kuna siri ya dini hapo. Huenda ipo, lakini michezo ya Aristophanes inatuonyesha jambo la kawaida zaidi: wanaume wa Athens walibeba chenji shavuni walipokwenda sokoni. Mmoja wa wahusika wake anaeleza jinsi binti yake anavyomkumbatia na kumtolea kwa ulimi posho ya siku aliyoificha mdomoni. Mwingine anameza pesa yake kwa bahati mbaya. Mdomo ulikuwa kwao kama pindo la kanga kwa bibi zetu. Marehemu aliwekewa nauli pale alipozoea kuibeba akiwa hai.

Mwanajiografia Strabo anatupa kisa ninachokipenda kuliko vyote katika habari hii. Anasema watu wa Hermione, mji wa pwani ya Ugiriki, hawakuwatia wafu wao sarafu, kwa kuwa waliamini kwamba kwao kuna njia ya mkato ya kuteremkia kuzimu. Hakuna mto wa kuvuka, hakuna wa kumlipa.

Tatizo ni kwamba makaburi hayafuati vitabu. Mwaka 1991 mtafiti Susan Stevens alichapisha makala iliyolinganisha maandishi ya kale na yaliyofukuliwa, na picha ikachanganyika. Waliozikwa na sarafu ni wachache kuliko waliozikwa bila sarafu. Kati ya hao wachache, wengine walikuwa nayo mkononi, wengine kifuani au miguuni, na wengine ndani ya chungu cha majivu baada ya kuchomwa. Wapo waliokuwa na sarafu kadhaa, jambo lisiloeleweka kama safari ni moja na bei inajulikana. Ukiwa na kitabu cha Kigiriki mkononi utaita kila shaba ya kaburini nauli. Ukikiweka kitabu chini unabaki na maswali: je, ilikuwa zawadi, hirizi, au pesa iliyosahauliwa katika mshipi wa marehemu?

Hapa ndipo mahali sarafu ilipokutwa panapokuwa na thamani kuliko sarafu yenyewe, na mifupa husaidia. Shaba ikilala ardhini penye unyevu hutoa chumvi za kijani ambazo hupenya ndani ya mfupa ulioigusa. Taya linaweza kubaki na doa la kijani kwa karne nyingi hata sarafu ikiwa imeoza yote au imeibwa. Doa kwenye meno lina maana moja, doa kwenye vidole lina nyingine. Chumvi hizohizo huua vijidudu vya kuozesha, kwa hiyo mara nyingine kipande cha nguo au ngozi husalia chini ya sarafu wakati mwili wote umekwisha. Mchimbaji mwenye pupa anayechomoa sarafu na kuisugua ing'ae anafuta ushahidi huo kwa dakika chache.

Kaburi la Yerusalemu halikuwa la kwanza kutoa fumbo hili. Miaka ya 1970 mwanaakiolojia Rachel Hachlili alichimba makaburi ya Wayahudi wa karne ya kwanza huko Yeriko, na sarafu mbili za Agripa, zenye mwavuli uleule, zikakutwa pamoja na fuvu moja. Mwaka 1983 yeye na Ann Killebrew walichapisha makala yenye swali kwenye kichwa chake: je, kuweka sarafu juu ya macho ilikuwa desturi ya maziko ya Kiyahudi wakati huo? Jibu lao lilikuwa hapana. Zilikuwa mdomoni.

Hoja ya mdomo inategemea umbo la fuvu. Tundu la jicho limefungwa nyuma kwa mfupa, na nyufa zilizopo ni za kupitisha mishipa tu. Sarafu iliyowekwa juu ya kope itaanguka ndani ya tundu hilo au pembeni ya kichwa, haitaingia kwenye chumba cha ubongo. Chini ya fuvu, kwa upande wa pili, kuna tundu kubwa ambalo uti wa mgongo hupitia, na urefu wake hukaribia sentimita 3 na nusu. Mwili uliolazwa chali ukishaoza na pingili za shingo zikaachana, sarafu isiyofika sentimita 2 iliyokuwa mdomoni ina njia ya kupita.

Hata hivyo Wayahudi wa wakati ule walizika mara mbili. Mwili uliachwa pangoni kama mwaka hivi, na nyama ikishakwisha, ndugu walirudi kukusanya mifupa na kuipanga ndani ya kisanduku cha mawe. Mikono ya watu ilipita hapo katikati. Sarafu iliyokuwa mdomoni, au iliyoanguka sakafuni wakati wa kukusanya, ingeweza kuishia ndani ya fuvu bila mtu kukusudia. Kwa kisa kimoja ningekubali kwamba ni ajali. Kwa Miriamu pamoja na yule wa Yeriko, ajali inaanza kuwa ngumu kuamini.

Wako waliosoma fuvu la Miriamu na kushangaa: ikiwa kweli huu ni ukoo wa kuhani mkuu, inakuwaje mwanamke wa nyumba hiyo abebe nauli ya mungu wa Kigiriki? Ukoo wa makuhani wakubwa ulikuwa upande wa Masadukayo, watu waliokataa habari za ufufuo. Baadhi wakahitimisha kwamba nyumba za wakubwa wa Yerusalemu zilikuwa zimemezwa na ushirikina wa kigeni. Mimi naona hapo hukumu imetangulia ushahidi. Makaburi ya enzi hiyo yaliyochimbwa Yerusalemu na Yeriko ni kwa mamia, na mafuvu yenye sarafu ni ya kuhesabika. Desturi ya watu haionekani kwa nadra hivyo. Inawezekana kabisa kwamba mtu mmoja, shangazi au yaya, alitia sarafu kwa sababu aliona wengine wakifanya, bila kumjua Charon hata kwa jina.

Mdomo wa maiti, kwanza, uliwekewa mambo mengi zaidi ya nauli. Mwaka 2021 wachimbaji wa Taposiris Magna, magharibi ya Aleksandria, walitangaza kupata maiti za zama za Wagiriki na Warumi zikiwa na vipande vya dhahabu vyenye umbo la ulimi vinywani. Vilikusudiwa kumwezesha marehemu kusema mbele ya mungu Osiris siku ya hukumu. Misri ya wakati ule ilikuwa na sarafu zake, zenye Serapis na Isis, lakini walioweza kumudu dhahabu walimpa marehemu wao ulimi.

Swali la macho lililowashughulisha Hachlili na Killebrew halikutoka makaburini. Lilitoka Chicago. Mwaka 1979 Francis Filas, padre Mjesuiti na profesa wa teolojia katika Chuo Kikuu cha Loyola, alitangaza kwamba ameona sarafu juu ya jicho la kulia katika Sanda ya Torino, kitambaa ambacho waumini wengi wanakiheshimu kuwa ndicho alichofungwa Yesu. Wanasayansi waliochambua picha za sanda kwa mashine walikuwa wamekwisha kusema kwamba machoni kuna kitu kama vifungo. Filas alikuza picha zilizopigwa na Giuseppe Enrie mwaka 1931 na akasema anasoma herufi nne za Kigiriki na kuona bakora iliyopinda kichwa.

Bakora hiyo ni halisi, angalau kwenye sarafu. Pontio Pilato, aliyekuwa liwali wa Uyahudi kuanzia 26 hadi 36 B.K., alitoa vijishaba vyenye tarehe za mwaka wa 16, 17 na 18 wa Tiberio, yaani kuanzia 29 hadi 31 hivi. Vya kwanza vina upawa wa kumiminia divai ya sadaka. Vilivyofuata vina bakora ya waaguzi wa Roma, wale waliotabiri kwa kuangalia ndege. Huyu hakufanana na Agripa. Hakuweka uso wa mtu, lakini aliweka vifaa vya ibada ya kigeni kwenye pesa ambayo kila muumini alilazimika kuishika.

Kasoro ilikuwa kwenye herufi. Jina la kaisari kwa Kigiriki huanza na K, na Filas alisoma C. Alisema fundi alikosea tahajia. Baadaye zikaonyeshwa sarafu za Pilato zenye kosa kama hilo, na waliomuunga mkono wakashangilia: aina adimu imepatikana, sanda imethibitika! Mantiki hiyo inachechemea. Sarafu za Pilato zimejaa makosa ya tahajia kwa sababu wachonga mihuri walikuwa na haraka au hawakukijua Kigiriki vizuri. Kosa kuwapo kwenye shaba hakuthibitishi kwamba lipo kwenye kitambaa. Picha za Enrie zilitumia filamu inayokoleza weusi na weupe kupita kiasi, na kitambaa chenyewe kimefumwa kwa mistari ya mshazari. Picha ya namna hiyo ikikuzwa mara nyingi, jicho la mtu mwenye hamu litasoma humo herufi za alfabeti yoyote. Mwaka 1988 maabara za Oxford, Zurich na Tucson zilipima kaboni ya sanda, na majibu yao, yaliyochapishwa mwaka uliofuata, yakaiweka kati ya 1260 na 1390. Mabishano kuhusu sanda hayajakwisha hadi leo. Ya sarafu machoni, kwa maoni yangu, yalikwisha Yeriko.

Jambo moja zaidi huwatatiza wasomaji wa habari za makaburi: tarehe. Sarafu ya mwaka 41 haisemi kwamba maziko yalifanyika mwaka 41. Inasema tu kwamba hayakufanyika kabla ya hapo. Shaba ndogo ilizunguka kwa miaka mingi hadi picha ikafutika, na mfiwa aliyetaka kumtolea marehemu pesa hakuwa na sababu ya kuchagua iliyo mpya. Pengine alichagua iliyochakaa kuliko zote. Ya fedha ilibaki nyumbani.

Mtu aliyelifikiria suala hili la aina ya pesa kwa makini kuliko wote alikuwa mchekeshaji. Lucian alizaliwa karne ya pili B.K. katika Samosata, mji wa ukingoni mwa Frati uliokuwa ukipiga sarafu zake wenyewe, na ambao magofu yake leo yako chini ya maji ya bwawa la Atatürk nchini Uturuki. Mtu wa huko alijua kwamba pesa ya mji mmoja inaweza kukataliwa katika mji mwingine. Misri ilikuwa na sarafu zake za ndani, na mgeni alibadilisha fedha zake akishafika. Katika maandishi yake kuhusu maombolezo, Lucian anawauliza wafiwa kama wamepeleleza kwanza ni sarafu ipi inayopokewa kuzimu: ya Athens, ya Makedonia au ya Aegina? Kisha anawapa ushauri wa bure. Ni heri kutolipa kabisa, kwa sababu mwenye mashua angemkataa abiria asiye na nauli, naye marehemu angerudishwa nyumbani akiwa hai.